Kamera ikija Mpondwe, uliza picha inakwenda wapi

JUMANNE ni siku ya soko Mpondwe, na msomaji anayevuka pale anajua maana yake. Tangu alfajiri daraja la mto Lhubiriha hujaa watu, baiskeli na mikokoteni. Mawese, kakao na vitenge vinaingia upande wetu. Chumvi ya Katwe, samaki, unga na sabuni vinakwenda Kasindi. Katika msongamano huo, Jumanne moja, mama mmoja muuza mawese alinishika mkono akanivuta pembeni. Mimi sikumtambua. Yeye alinitambua.

"Mwanangu, ile picha mulinipigaka wakati wa Ebola," aliniuliza, "mulipelekaka wapi?"

Sikuwa na jibu. Naandika makala haya kwa sababu ya swali lile, na nayaandika kwa ajili ya watu wawili ambao kamera huwapenda sana katika nchi hii yetu ya milimani: mfanyabiashara wa mpakani na mtu aliyerudi nyumbani.

Kwanza nieleze kilichotokea. Mwaka 2019 niliwaleta wageni Bwera watengeneze filamu kuhusu Ebola. Mama yule alizungumza nasi karibu saa nzima. Alitueleza jinsi akina mama wa soko walivyokubaliana kwamba asiyenawa hauzi, jinsi walivyochanga fedha wakanunua ndoo zao wenyewe, na jinsi alivyomrudisha nyumbani binti yake mwenye homa badala ya kumficha. Filamu ilipotoka, yeye alikuwamo kwa sekunde kumi na moja tu. Anaonekana akijifuta mafuta mikononi na kupokea noti kutoka kwa mteja wa Kongo, huku sauti ya msimulizi ikisema kwamba ugonjwa huvuka mpaka pamoja na bidhaa.

Kipande hicho kilikatwa na mtu asiyejulikana kikaanza kuzunguka kwenye simu. Wateja wake wa Kasese wakamtambua. Kwa karibu miezi miwili hakuna aliyenunua mawese yake. Mwishowe aliyauza kwa hasara, tena kwa mkono wa mtu mwingine, kana kwamba si yake. Hakuugua. Hakumwambukiza mtu. Wala hakunijia kwa ugomvi siku ile. Alitaka tu kujua picha yake ilikwenda wapi.

Ndugu msomaji, kazi yangu ni usimulizi wa habari za kweli kwa ajili ya televisheni na filamu. Watu wengi wakiona gari lina kamera hudhani kwamba anayeishika kamera ndiye mwenye habari. Si hivyo. Mimi sipigi picha, lakini ndiye ninayetangulia. Wiki mbili kabla wageni hawajafika, mimi huwa nimekwisha kuzunguka Bwera, Kagando, Katwe, Kilembe na Muhokya, nikitafuta nani ana kisa gani, nani yuko tayari kukisema, na nani akikisema atapata matatizo. Kisha hukaa na mwongozaji tukapanga filamu ianze na nani, iishie na nani, na katikati kuwe na nini. Picha zikishapigwa, huitwa tena kutafsiri maneno ya Lukonzo na Kiswahili cha mpakani. Kwa hiyo mtazamaji aliyeko London au Nairobi husikia sauti ya mama wa Mpondwe, lakini anachokisoma chini ya picha ni maneno yangu.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika siku kumi tunaweza kurekodi saa 40. Filamu ni dakika 50. Maana yake ni kwamba saa 39 na dakika 10 hazionekani kamwe. Anayeamua kipi kibaki na kipi kiende ndiye msimulizi, hata kama jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo mwishoni.

Ndiyo maana nasema kwamba katika kazi hii mtu anaweza kudanganya bila kusema uongo hata mmoja. Mama yule ni wa kweli. Noti ile ni ya kweli. Ebola ilikuwa ya kweli. Lakini vilipowekwa bega kwa bega, vikazaa jambo ambalo halikuwapo: kwamba mikono ya mama huyu ndiyo iliyoleta maradhi.

Na ukweli wa mwaka ule ulikuwa upi? Juni 11, 2019 ilithibitishwa kwamba mtoto wa miaka mitano aliyetoka Kongo na familia yake, akapitia hospitali ya Kagando na kupelekwa Bwera, alikuwa na Ebola. Yeye na jamaa zake wawili walifariki. Agosti mwaka huo huo msichana wa miaka tisa aligunduliwa pale pale mpakani wakati wa ukaguzi wa wasafiri, naye pia alifariki Bwera. Baada ya hapo, nini? Ugonjwa haukusambaa. Upande wa pili uliua watu zaidi ya 2,200 hadi ulipotangazwa kumalizika Juni 2020, lakini Kasese haukutia mizizi. Wahudumu wa afya walikuwa wamechanjwa mapema, maofisa wa nchi mbili walikuwa wakipeana taarifa, na watu wa kawaida walikuwa wakinawa. Habari kubwa ya Mpondwe mwaka 2019 ilikuwa ni ugonjwa ulioshindwa kupita. Lakini ni vigumu kuuza filamu inayohusu jambo ambalo halikutokea.

Sisemi kwamba wageni wote ni wabaya, wala sisemi kwamba habari mbaya zisisemwe. Nimeshaona hoja hiyo ikitumiwa vibaya. Wengi tunakumbuka filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 kuhusu sangara na jiji la Mwanza, iliyoitwa Darwin's Nightmare. Ilipendekezwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2006, na mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani akisema imeichafua nchi. Watu wa Mwanza waliandamana. Hasira yao ilikuwa na msingi wake, kwa kuwa mji mzima ulionyeshwa kana kwamba hauna lolote ila mapanki, makahaba na ndege za mizigo. Lakini mwandishi wa habari aliyezungumza ndani ya filamu ile naye alipata misukosuko ya dola. Yaani aliyetengeneza alikuwa Ulaya, aliyepata taabu alikuwa nyumbani. Hilo ndilo jambo la kulishika: filamu ikikosewa, au hata ikiwa ya kweli lakini ikiwaudhi wakubwa, anayelipa ni yule ambaye bado analala pale pale ilipopigwa.

Hapa kwetu Uganda tuna mfano mwingine. Machi 2012 shirika moja la Marekani lilitoa video ya dakika 30 kuhusu Joseph Kony. Katika muda usiofika wiki ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 duniani. Walioipenda hawakuambiwa vya kutosha kwamba Kony alikuwa ameondoka kaskazini mwa Uganda tangu miaka kadhaa iliyopita. Siku chache baadaye ilionyeshwa uwanjani Lira, mbele ya watu ambao vita vile viliwakata midomo na kuwachukulia watoto. Wakatazama. Walipoona kwamba kisa chao kimegeuzwa kuwa kisa cha baba mmoja wa Marekani na mwanawe, na jina la aliyewatesa linachapishwa kwenye fulana na bangili, waliwaka hasira na mawe yakarushwa. Maonyesho yakavunjika.

Swali langu ni hili: ingekuwaje kama watu wa Lira wangeonyeshwa video ile kwanza, kabla ya watu milioni 100? Mawe yale yangekuwa maneno, na maneno yale yangeifanya video iwe bora.

Wako watakaosema kwamba mhusika hapaswi kuonyeshwa filamu kabla haijatoka, kwa kuwa atadai ukweli uondolewe. Hoja hii nimeisikia kwa wahariri wengi na haifai kubezwa. Lakini tuitazame historia. Mwaka 1974 mwongozaji Barbet Schroeder alitengeneza filamu kuhusu Idi Amin, na Amin mwenyewe alishiriki kwa furaha. Filamu ilipoanza kuonyeshwa Ulaya, Amin alipata taarifa ya kila kilichokuwamo. Akataka dakika kama mbili na nusu zikatwe, na akawashikilia Wafaransa waliokuwa Uganda mpaka zikakatwa. Zilirudishwa baada ya utawala wake kuanguka.

Kwa hiyo mwenye nguvu hajawahi kukosa njia ya kuiona filamu yake na kuikata. Wanasheria wake wapo, askari wake wapo, simu yake hupokelewa. Kanuni ya kwamba "mhusika haonyeshwi" humwangukia mama muuza mawese peke yake. Mimi simtetei Amin. Ninachosema ni kwamba kuna tofauti kati ya kumpa mtu mkasi na kumpa nafasi ya kusema: hapa mmekosea jina la kijiji changu, hapa mmetafsiri sivyo, hapa mkionyesha uso wangu nitauawa. Mambo matatu hayo, kosa la jina, kosa la lugha na hatari ya maisha, kila mtu anastahili kuyasahihisha, awe rais au mchuuzi.

Sasa niwageukie waliorudi. Kasese na Bwera zimejaa watu waliorudi, na kila mmoja alirudi kwa njia yake. Wako waliokimbilia Kongo wakati waasi walipoishambulia Mpondwe Novemba 1996, wakarudi baada ya miaka. Wako waliotoka porini chini ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, wakakabidhi silaha na kupewa hati. Wako Wakongo waliokaa kwetu kama wakimbizi na sasa wanajaribu kurejea mashamba yao ya Beni. Wako mabinti waliorudi kutoka kazi za ndani Uarabuni, wengine na fedha, wengine na makovu. Kamera huwapenda hawa wote, kwa kuwa kisa cha aliyerudi tayari kina mwanzo, katikati na mwisho. Mwongozaji hahitaji kuhangaika.

Lakini aliyerudi ana deni ambalo mfanyabiashara hana. Anaishi kati ya watu ambao wengine hawajamsamehe. Namfahamu bwana mmoja aliyerudi kutoka porini, akaoa, akalima kahawa kwa miaka tisa bila jirani kumwuliza kitu. Akakubali kuzungumza na televisheni kwa sharti kwamba uso usionekane. Wakaufunika uso wakaacha sauti, na nyuma yake wakaacha mlango wa nyumba yake wenye rangi ambayo kijijini hakuna mwingine aliyeipaka. Kijiji kizima kilimjua kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Hakupigwa, hakufukuzwa, ila watoto wake walirudi shuleni na jina jipya walilopewa na wenzao. Leo hapokei mgeni yeyote mwenye kalamu.

Na liko la lugha. Kiswahili ni kimoja lakini kina nyumba nyingi. Mzee mmoja aliyerudi kutoka upande wa Beni alisema mbele ya kamera, "Bibi yangu alikufaka mu pori." Aliyetafsiri alikuwa kijana mzuri aliyesomea Kiswahili Dar es Salaam, na kwake bibi ni mama wa baba au wa mama. Hivyo filamu ikawaambia walimwengu kwamba mzee huyu alipoteza nyanya yake. Msomaji wa mpakani anajua mzee alisema nini. Alisema mke wake. Mwanamke aliyeishi naye miaka thelathini na kumzika bila sanda kando ya njia alifanywa kizee aliyekuwa amekwisha kula chumvi nyingi, na watazamaji wakaona ni msiba wa kawaida. Neno moja tu. Tulipoligundua filamu ilikuwa imekwisha kuonyeshwa, na hakuna aliyekubali gharama ya kuibadilisha.

Baada ya usiku wa Juni 16, 2023, waasi walipoivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, magari yenye kamera yalipanga foleni Mpondwe. Sikatai kwamba dunia ilipaswa kujua. Watoto wale hawakustahili kufa kimya kimya. Lakini katika wiki ile niliombwa kuwapeleka wageni kwenye nyumba moja ambayo wengine wawili walikuwa wamekwisha kutoka asubuhi hiyo. Nikauliza tunakwenda kumwuliza mzazi huyu nini ambacho hakuulizwa saa tatu zilizopita. Jibu lilikuwa kwamba hatukuwa na picha yetu wenyewe ya yeye akilia. Nilikataa, nikapoteza malipo ya siku nne. Sijivunii sana, kwa sababu miaka ya nyuma nilishawahi kukubali.

Tena wenye kamera wana tabia ya kuja na maafa na kuondoka nayo. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020 ukaibomoa Kilembe na hospitali yake, picha za nyumba zikichukuliwa na maji zilifika kila mahali. Waliopoteza nyumba hizo waliishi kambini Muhokya kwa muda mrefu baadaye, na huko kamera zilikuwa chache. Maji yanayokimbia huonekana vizuri kwenye kioo. Mtu anayesubiri kiwanja haonekani vizuri.

Vivyo hivyo na yaliyotokea Kasese Novemba 2016, vikosi vya serikali vilipoivamia ikulu ya Omusinga na watu zaidi ya 100 wakauawa. Wajane wengi walihojiwa wakati kesi ingali mahakamani. Wachache waliambiwa kwamba neno lililosemwa mbele ya kamera laweza kufika mahali ambapo msemaji hakulipeleka. Kesi dhidi ya Omusinga Charles Mumbere iliondolewa mwaka 2023 naye akarudi nyumbani Oktoba mwaka huo, lakini kanda zile bado zipo kwenye makabati ya watu tusiowajua. Filamu haina tarehe ya kumalizika.

Basi tufanye nini? Tufunge milango? Hapana. Tukifunga milango, watakaosimulia Bwera ni wale wasiowahi kufika Bwera. Ninachopendekeza ni kwamba tufanye biashara hii kama tunavyofanya nyingine yoyote sokoni. Hakuna mfanyabiashara wa Mpondwe anayemkabidhi mtu mzigo bila kujua anaitwa nani, anaupeleka wapi na atarudi lini. Kisa chako ni mzigo wako. Uliza.

Kwanza, uliza hawa ni akina nani na filamu itaonyeshwa wapi. Kama itawekwa kwenye intaneti, ujue jirani yako ataiona, mteja wako wa Butembo ataiona, na ofisa wa forodha ataiona. Usiseme njia uliyopitishia mzigo kwa kudhani kwamba waliokaa mbele yako ni wageni wasioijua Kasindi.

Pili, usiweke sahihi wala kidole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Nimeshuhudia watu wengi wakitia kidole kwenye karatasi ya Kiingereza ya kurasa mbili inayosema kwamba picha yao itatumika popote duniani, milele, kwa namna yoyote. Dai isomwe kwa Lukonzo au Kiswahili, na dai nakala. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, ambayo msingi wake ni ridhaa ya mtu. Ridhaa ya kitu usichokielewa si ridhaa.

Tatu, kama uso wako ni hatari, basi na sauti yako ni hatari, na mlango wako, na nguo unayovaa kila Jumapili. Sema yote hayo kabla ya kamera kuwashwa. Ukishamaliza kuzungumza, una haki ya kusema: lile nililosema kuhusu kaka yangu, liondoeni.

Nne, fedha. Hapa nitawaudhi wenzangu na wasomaji pia. Mimi silipi kauli, kwa sababu kauli ikinunuliwa hutengenezwa ifanane na bei. Lakini nalipa siku. Mama aliyeacha meza yake sokoni kwa saa nne siku ya Jumanne amepoteza mauzo, na kamera haina sababu ya kula mauzo yake bure wakati aliyeishika analipwa kwa siku. Tofauti kati ya kununua maneno na kufidia muda ni rahisi kueleweka na kila mtu isipokuwa yule asiyetaka kulipa.

Tano, na hili ndilo kubwa, dai filamu irudi. Hili linawezekana. Mwaka 2017 ilitoka filamu iitwayo Thank You for the Rain, inayomhusu Kisilu Musya, mkulima wa Kitui nchini Kenya. Mwongozaji Julia Dahr kutoka Norway alimpa kamera, naye akairekodi familia yake mwenyewe, ukame wake na mafuriko yake kwa miaka kadhaa. Filamu haikuharibika kwa kuwa mkulima alishika kamera. Iliona mambo ambayo mgeni asingeyaona, kwa sababu mgeni hulala hotelini wakati paa linapoezuliwa usiku.

Kurudisha filamu nyumbani si jambo la gharama kubwa, na vifaa tunavyo. Kila mji mdogo wa Uganda una kibanda cha video. Ndani yake yuko kijana mwenye kipaza sauti anayetafsiri filamu za Marekani, India na China kwa lugha ya wenyeji, tena kwa utani na mbwembwe mpaka watu wanasahau kwamba hawajui Kiingereza. Mtindo huu tumeuzoea miaka mingi. Kwa nini filamu iliyopigwa Bwera isionyeshwe kwanza katika kibanda cha Bwera, kijana yule yule akiitafsiri, na wenye kisa wakiwa wamekaa benchi la mbele? Wakicheka pasipochekesha, tujue tumekosea. Wakinyamaza, tujue tumepatia.

Wazee wetu Wakonzo, na ndugu zao Wanande wa ng'ambo, walikuwa na ekyaghanda, mahali pa kukaa na kuzungumza kuzunguka moto. Msimulizi wa pale hakuwa na uhuru wa kusema atakalo, kwa kuwa waliokuwapo kwenye tukio walikuwa wamekaa naye. Akizidisha chumvi, mzee mmoja hukohoa. Usimulizi wetu wa leo umekosa mtu wa kukohoa. Tunasimulia habari za watu ambao hawamo chumbani.

Kwa vijana wa Kasese wanaotaka kuingia katika kazi hii, na wanaonipigia simu ni wengi, nasema njooni. Simu mliyo nayo mfukoni inapiga picha bora kuliko kamera niliyoanza nayo mwaka 2005. Lakini msidhani kazi ni kamera. Kazi ni kusikiliza mtu kwa saa nzima, halafu kubeba jukumu la zile sekunde kumi na moja ulizozichagua. Ukikosea, usimsingizie mhariri wa mbali. Mimi nilimsingizia kwa miaka kadhaa, mpaka nilipoulizwa swali pale sokoni.

Ijumaa iliyofuata nilirudi Mpondwe na filamu nzima ndani ya simu. Tulikaa nyuma ya mapipa yake, akaitazama yote, dakika kwa dakika, akisimama tu kupima mafuta ya wateja. Ilipoisha alikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza yako wapi maneno yake kuhusu ndoo. Nikamwambia tuliyaacha. Akaniuliza kama bado yapo. Nikasema nitayatafuta.

Nimekwisha kuwaandikia wenye kanda hizo mara tatu. Wamenijibu mara moja, wakasema wataangalia. Nitaandika ya nne. Wakati huo huo, wewe unayesoma gazeti hili ukisubiri mzigo wako ukaguliwe, ukiona gari lenye kamera linaegeshwa na mtu kama mimi anakujia na tabasamu, usimkimbie. Mkaribishe, mpe kiti, halafu umwulize kabla hajakuuliza: picha hii inakwenda wapi?